Mganga Tuliyemwita Maman

Juzi nilipakua kwenye simu ule mchezo wa zamani, wa mashujaa wanaosafiri pamoja kumsaka mfalme mwovu. Muziki ulipoanza tu, hapa sebuleni kwangu Kamembe, viganja vikatoka jasho kama vya mtoto. Wewe uliyecheza enzi zile utanielewa.

Michezo ya kuruka-ruka niliipenda, sikatai. Unakimbia, unatumbukia shimoni, unaanza upya, na hakuna anayekulilia. Lakini usinifananishie na hii ya safari ndefu. Hapa shujaa unamlea. Unamvisha, unamtafutia dawa, na kwanza kabisa unampa jina.

Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na mashine kuukuu iliyotoka Bukavu, bila kadi ya kuhifadhia mchezo. Kwa hiyo hatukuizima kamwe. Tulizima televisheni, mashine tukaiacha ikichemka chini ya meza, tukiomba umeme usikatike. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Dada aliyatafsiri kwa kuyabuni, na mpaka leo naamini hadithi yake iliishinda ya wenyewe. Mganga wa kundi, anayeponya wenzake wote, tulimwita Maman, kama tulivyomwita mama yetu. Nani mwingine angefaa?

Bibi aliposikia hakucheka. "Hapana kucheza na jina ya muntu," alisema huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Jina inasikiaka." Kwake, linalolipata jina humfikia na mwenye jina.

Maman wetu wa kweli alivuka mpaka kila asubuhi kutoka hapa Kamembe kuuza nyanya Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi kabla ya jioni. Siku moja jua likishuka, jirani akaingia akihema. "Balifunga fronteri! Kule Bukavu kuko masasi."

Mpaka umefungwa, risasi zinalia, na Maman hakuwa amerudi. Bibi aliisahau sombe jikoni mpaka ikaungua, na hakuna aliyeinuka kuiepua. Dada akawasha televisheni. Mbele ya mashujaa wetu lilisimama joka tuliloliogopa wiki nzima.

"Maman asikufe," dada aliniambia. "Bakufe bengine bote, yeye asikufe."

Nilielewa, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Dawa zote tulimpa Maman. Wengine tuliwaacha waanguke mmoja mmoja, tukisikiliza kila hatua ya mguu huko njiani. Uhai wa Maman ulikuwa umebaki kipande chembamba chekundu, na joka likafumbua kinywa. Hapo umeme ukakatika.

Dada alipiga yowe la msibani. Bibi alituvuta kwake gizani, akaanza kusali kwa sauti.

Maman alifika kesho yake mchana, beseni mkononi, midomo imekauka. Tulimrukia hadi akayumba.

"Muko na nini leo, batoto? Muniache nipumuzike!"

Hatukumwambia kamwe. Mchezo tuliuanza upya, na mganga tukampa jina la mbuzi wa jirani.

Siku hizi michezo hujihifadhi yenyewe. Picha zinapendeza, lakini kwangu zimepoteza chumvi: shujaa akifa, unabonyeza tu. Bibi ametangulia, dada yuko ng'ambo, na mwaka jana tulimzika Maman. Juzi simu iliponiuliza jina la mganga, niliandika Maman bila kusita. Halikuwepo tena la kuogopa, na hilo ndilo lililoniliza.