Turbo Mezani Pangu

Sijawahi kuwaheshimu wanaume wanaopiga resi kabla ya kuzima gari. Kule Mikinduri, upande wa Meru, miaka ile ya tisini, ilikuwa kama sheria. Dereva wa gari la miraa akisimama mahali, hata kama ni kununua kiberiti, alikanyaga mafuta mpaka turbo ikapiga mluzi na soko zima likageuka, kisha akazungusha ufunguo na injini ikafa papo hapo. Mluzi huo ndio ulikuwa cheo chake. Mchumba wangu alikuwa mmoja wao, na kwa upuuzi huo hakuwa na mpinzani.

Mimi nilikuwa nauza vipuri Embu mjini. Wateja walikuja kutwa nzima na turbo zilizokufa, wakilaumu barabara, dizeli, hata wivu wa majirani, na mimi nikawauzia walichotaka. Kilichoziua nilikijua. Ndani ya turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, kuna shafti nyembamba inayozunguka kwa kasi ya kutisha, na kinachoizuia isisagike ni oili inayosukumwa na injini. Ukipiga resi kisha ukazima, injini inanyamaza na oili inakatika, lakini shafti bado inazunguka, kavu, inajila yenyewe. Dawa yake ni kuiacha injini ingurume polepole kidogo, basi, halafu uzime. Haihitaji hata akili, inahitaji subira. Nilimweleza hivyo mchumba wangu zaidi ya mara moja. Alicheka.

"Wewe ni wa kaunta, mami," aliniambia. "Maneno ya injini wachia wenyewe."

Turbo yake ikafa wiki ile ile aliyotakiwa kuja kwetu. Jumamosi angeshuka na wazee wake mpaka kwa baba, kule chini kwenye joto la Mbeere, na siku hiyo ningeulizwa lile swali ambalo msichana wa kwetu huulizwa mbele ya watu wote: wageni wameleta kinywaji, je, tunywe? Akisema wanywe, amekubali kuolewa. Akisema wasinywe, kinywaji kinarudi kilikotoka na wenyewe wanakifuata. Mimi nilikuwa nimepanga kusema wanywe. Nasema hivi ili mtu asidhani nilikuwa natafuta sababu. Nilimpenda, na mama alikuwa ameshanunua kitambaa cha nguo.

Pickup yenyewe ilikuwa inatembea, ila kwa moshi na manung'uniko, na kila mlima ilipanda kwa huruma ya Mungu. Ingefika. Lakini kufika kwa wakwe bila mluzi, kwake, ilikuwa sawa na kufika bila suruali. Kwa hiyo akaifungua turbo, akaipakata mpaka chumba changu cha kupanga, akaiweka juu ya meza yangu ya pekee. Alikuja na rafiki yake, dereva mwenzake, jitu lenye mashavu yaliyojaa miraa na maoni.

Kwanza walihangaika na nati inayoshika pangaboi ndogo ya upande wa hewa. Nati hiyo hufunguliwa kinyume na nyingine zote. Niliwaambia. Hakuna aliyegeuka. Wakaendelea kuikaza, wakipokezana spana, wakitokwa jasho, wanaume wawili wazima wakifunga kitu walichoapa wanakifungua. Nilikaa kitandani nikachambua mboga zangu. Hatimaye yule rafiki akanyanyua kichwa kama aliyepata ufunuo.

"Si tujaribu hivi ingine?"

Nati ikafunguka. Mchumba wangu akampiga mgongoni na kumwita profesa. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja, na nilijisikia kama kiti.

Shafti, bushi zinazoishikilia na ringi wakaziosha kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu ya ugali, wakazisugua kwa mswaki ambao sikuuliza ni wa nani. Hawakuweka alama mahali pangaboi ilipokuwa imekaa, ingawa vitu hivyo hupimwa uzito vikiwa pamoja, na lazima virudi vilivyokuwa. Wakaona ncha moja ya pangaboi imepigwa kidogo na changarawe. Profesa akachukua tupa akailainisha, taratibu, kwa upendo, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Yaani kitu kinachozunguka hivyo, nawe unakipunguza upande mmoja. Nikasema tena. Nikasema pia kwamba bomba dogo la kuleta oili limeziba kwa masizi, na bushi mpya bila oili hazitamaliza safari mbili. Nilikuwa nimemletea bushi hizo mwenyewe kutoka dukani, na ringi, na gasketi.

"Sasa hiyo ni theory," alisema mchumba wangu, bila kuinua macho. "Sisi tunafanya practical."

Nilimdharau hapo, waziwazi, moyoni. Lakini dharau ni kitu unachoweza kuolewa nacho. Shangazi zangu wote waliolewa nacho na wakazeeka vizuri. Nilijiambia kwamba mwanamume akiwa na watu wake hujitia ujuaji, na kwamba tukiwa wawili atanisikia. Siku iliyofuata wakaifunga turbo kwenye gari, ikapiga mluzi, wakakumbatiana uani mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza ni nani amefaulu mtihani.

Jumamosi tuliisikia kabla hatujaiona. Mluzi ulikuwa umebadilika, una kikwaruzo ndani yake, kama mwenye pumu anayejaribu kuimba. Pickup ikaingia uani kwa baba ikiburuta moshi wa bluu uliofunika jikoni, kuku, na shangazi zangu waliokuwa wamepanga mstari kuwaimbia wageni. Wazee wa Meru wakashuka wakikohoa, makoti yao yananuka oili. Wimbo ulikufa katikati. Naye mchumba wangu, mbele ya ukoo wangu wote, akapiga resi kwa nguvu zake zote, akazima.

Baba yangu ni mtu wa kanisa, kwa hiyo pombe ya asali ilikuwa imegeuzwa kuwa makreti ya soda. Swali halikugeuzwa. Baada ya maombi na maneno mengi ya kuzunguka, nikaitwa kutoka jikoni. Sebule ilijaa. Baba alishika soda ya moto isiyofunguliwa, na akanigeukia. Mimi nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, ili wageni wasikie, "hii soda ya hawa watu, tunywe ama tusinywe?"

Niliangalia upande wa wageni. Kiti cha mchumba wangu kilikuwa kitupu, na cha yule rafiki pia. Kupitia dirishani niliwaona wameinamia chini ya boneti, migongo yao kwetu. Mjomba wake, kwa aibu, akamtuma kijana mmoja amwite. Tukangoja. Kijana akarudi peke yake, akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake.

"Amesema hii oili ikipoa atakosa kuona mahali inatokea. Amesema aambiwe tu aseme ndiyo, anakuja."

Shangazi mmoja akacheka puani. Mama aliniangalia kwa macho ya kuniomba, na nilimwonea huruma kwa kitambaa chake. Nilikuwa nimesema kuhusu nati, nikasema kuhusu tupa, nikasema kuhusu bomba, na wiki nzima sikusikiwa hata na sufuria yangu. Na sasa watu wote hawa, wazee wa Meru na wa kwetu, walikuwa wamekaa na kiu katika joto lile wakingoja neno langu, na hakuna mmoja ambaye angelilisema badala yangu.

"Msinywe," nilimwambia baba.

Aliniuliza tena, kama desturi inavyomtaka, na nikamjibu tena, safari hii kwa sauti. Baba akaiweka chupa sakafuni, polepole, kifuniko chake bado kimeshika.

"Mmesikia," akawaambia wageni.

Nilifurahi, na sikuficha.