Mzazi wa Dirisha la Tano

Mama Rola alikuwa fundi rangi kwa miaka ishirini na sita, na hakuna ukuta uliowahi kumshinda. Siku alipofika dirisha la tano, akiwa kwenye jukwaa la nje, ghorofa ya tatu ya ofisi za bandari, alimkuta ndege ametulia kwenye kingo. Mweupe pe, ila mdomo mweusi uliochongoka na macho meusi makubwa kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Membe, wa wale wadogo wa baharini.

"Pisha, mama. Niko kazini."

Ndege akainuka, akaelea hewani mbele ya pua yake, akimkagua. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na yai moja, juu ya saruji tupu. Hata unyasi mmoja wa kutandika hakuna.

Mama Rola akashika kiuno. "Yai unaliweka kama sabuni bafuni? Likibiringika je?"

Kesho yake akaja na pamba ya mto wa zamani, akaizungushia yai. Ndege akaisukuma kwa mdomo, upepo ukaibeba mpaka kichwani kwa msimamizi wa kazi, mdogo wa mume wa Mama Rola.

"Shemeji! Umepasua mto huko juu?"

"Nyamaza, shemeji. Kuna mzazi hapa."

"Ndege tu huyo! Mkaguzi anakuja, kingo hiyo ipakwe."

"Ulipozaliwa wewe, nani alimfukuza mama yako kitandani apake rangi?"

Jengo likapakwa lote, ikabaki kingo ile.

Membe yule na mwenzake wakalalia yai kwa zamu hata likaanguliwa. Siku moja mmoja wao alirudi kutoka baharini na visamaki vinne vimepangwa kwa upana mdomoni, mikia ikining'inia. Jioni Mama Rola akamuuliza mumewe: anamkamataje wa nne bila kuwaangusha watatu?

"Muulize mwenyewe. Si mnaongea?"

Kisha mchana mmoja ikapiga dhoruba, mafundi wote wakashushwa. Mvua ilipokatika, Mama Rola alipanda ngazi za ndani mbilimbili, magoti yakilia, akaingia ofisini bila hodi, akafungua dirisha huku makarani wakimkodolea macho. Kinda lilikuwapo! Limelowa chepechepe, kucha zake ndefu zimeing'ang'ania saruji. Alicheka, kisha akagundua kwamba mashavu yamelowa, na yeye hakunyeshewa.

Mkaguzi alipokuja, akanyoosha kidole juu. "Pale vipi?"

Mama Rola akafungua mdomo, lakini shemeji akamtangulia. "Rangi ya pale inachelewa kukauka, mkuu. Tumeipa muda."

Kinda liliruka siku Mama Rola alipokuwa ameshuka kunywa chai. Alikasirika siku nzima. "Hata kuaga!" Akachukua kikwanguo, akapanda. Kukwangua kinyesi cha familia ile kulimchukua muda mrefu kuliko kupaka madirisha mawili, na aliwasema kwa sauti mpaka akamaliza.