Zenzi na Kizazi cha Tisa

Zenzi hakuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni. Alimtazama meno. Ukimwamkia asubuhi, macho yake yalishuka moja kwa moja mdomoni mwako, kisha akasema, "Theres, umezidisha kahawa," na kweli nilikuwa nimezidisha. Sikumlaumu. Miaka thelathini na mmoja tulikaa benchi moja kwenye kiwanda cha meno ya bandia kule bondeni, yeye akichagua rangi, mimi nikipanga kwenye trei. Jino la mtu wa mbali kabisa, asiyejua hata kama kuna nchi inaitwa Liechtenstein, huenda lilipita mikononi mwake. Siku nyingine taa ikimulika trei nzima, meno mia tano bila mdomo hata mmoja, alikuwa anasita na kuuliza, "Hawa wanacheka nini?" Nilimwambia aache ujinga, lakini trei hiyo niliifunika.

Nchi yetu ni ndogo, hilo tunalijua, hatuhitaji kuambiwa. Hatuna bahari, na majirani zetu wawili nao hawana. Tuna Mto Rhine upande mmoja, milima upande wa pili, na katikati tumebanana sisi, ng'ombe, viwanda na mabenki. Watalii hushuka kwenye basi pale Vaduz, wakagongewa mhuri kwenye pasipoti, wakanunua stempu, wakaipiga picha ngome iliyo juu ya mji, na saa moja haijaisha wanauliza kama kuna kingine cha kuona. Sisi wa Triesenberg tunaoishi juu mlimani, na kuongea lahaja ambayo watu wa bondeni wanaicheka, tunacho kingine, ila hatumpeleki mgeni. Ni korongo.

Liko kusini, ng'ambo ya malisho ya mwisho, jembamba na refu, na jua huligusa saa mbili tu kwa siku. Zamani za kuchoma wachawi, walikuwapo watu waliowasingizia jirani zao ili wapone wenyewe. Waliosingiziwa wakachomwa. Wasingiziaji walikufa kwa raha vitandani mwao, lakini hawakupumzika. Walikwenda kuketi korongoni, kwenye meza ya mawe, wao na uzao wao hadi kizazi cha tisa. Wa kumi ndiye huru. Ukoo kama huo tuliuita Tobelhocker, wakaa-korongoni, na jina hilo likishampata mtu halimtoki hata alisugue.

Zenzi alikuwa wa ukoo huo. Babu yao Meinrad alimtaja mjane wa jirani kwa sababu ng'ombe wake Meinrad alikauka maziwa, basi. Shuleni tulipokuwa watoto tulimwinulia Zenzi vidole tisa, kidole gumba kimoja kimekunjwa, tukamwimbia, "We mkaa-korongoni, tuwekee kiti!" Nasema "tulimwinulia" kwa sababu mimi pia niliinua vyangu. Naona aibu mpaka leo.

Zenzi alipofika miaka ishirini na tisa, Alois seremala alimposa mara mbili, na mara mbili alikataa. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka akapika chakula akasahau chumvi. Jioni moja akanivuta mkono hadi kwao, baba yake, Mzee Wendelin, yuko mezani anakula ribel, unga wa mahindi uliokaangwa, na kahawa ya maziwa.

"Baba, nihesabie."

"Nimekuhesabia tangu unanyonya."

"Nihesabie mbele ya Theres. Nataka shahidi."

Mzee akaweka kijiko chini, akaanza kuhesabu kwa vifundo vya vidole. "Meinrad hahesabiwi, yeye ndiye mzizi. Jos, mmoja. Andreas. Fidel wa nyumba ya chini. Fidel wa nyumba ya juu. Jakob, Xaver, Lorenz. Mimi wa nane. Wewe wa tisa."

"Na nitakayemzaa?"

"Wa kumi. Huyo mwache acheke."

Zenzi alishusha pumzi ndefu. "Basi mimi nitakaa," alisema, vile vile kama mtu aliyeambiwa ni zamu yake kufagia kanisa. "Alimradi niwe wa mwisho."

Akaolewa, na baada ya miaka miwili akazaliwa Marlies, mtoto mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Zenzi hakumkataza kucheka hata kanisani.

Mzee Wendelin alikufa Machi moja, theluji ikianza kuyeyuka. Siku ya pili baada ya maziko, saa nane mchana, mimi na Zenzi tulipita ukingoni mwa korongo tukitoka kutafuta kuni. Hakukuwa na upepo. Tukasikia kutoka chini mawe yakisuguana, taratibu, kisha kimya, kisha tena. Ni ile sauti ya watu kanisani wanaposogea kwenye benchi ili kumpisha aliyechelewa. Kuni zangu zilinianguka. Zenzi alisimama tu, midomo imekuwa myeupe, akasema, "Karibu, Baba," halafu akaokota kuni zangu pamoja na zake. Njia nzima nilikuwa nalia, na nilikuwa sijui kama ni woga au ni huruma.

Miaka ikaenda. Alois naye akafa, akamwachia Marlies nyumba aliyorithi kwao. Marlies hakutaka kuishi humo. Alipata kazi Vaduz, kwenye ofisi ambayo mlangoni ina majina ya kampuni arobaini na ndani ina viti vitatu. Mimi nilimuuliza hao arobaini wanakaa wapi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hawakai, mama mdogo. Wapo tu kwenye karatasi." Jumapili za baridi alipanda Malbun kuteleza kwenye theluji, na akirudi alipita kwa mama yake kula.

Ndipo kikaja kile kitabu. Mwalimu mmoja mstaafu alitumia miaka kumi na minne kunakili madaftari ya kanisa, nani alizaliwa na nani, nani alimwoa nani, akachapisha koo zote za kijiji. Kila nyumba ilinunua. Watu walikuwa wanatafuta makabaila katika ukoo wao wakapata wachunga mbuzi.

Zenzi alikuja nacho kwangu siku ya föhn, ule upepo wa moto wa kusini unaotuumiza vichwa na kuisogeza milima ya ng'ambo ya Rhine hadi unadhani ukitema mate utaipata. Alikiweka mezani, kidole kikiwa kati ya kurasa.

"Soma hapa. Macho yangu leo siyaamini."

Nikasoma. Fidel, mwana wa Andreas. Alioa mara mbili. Mke wa kwanza, nyumba ya chini, hakuzaa. Akiwa na miaka hamsini na minane akaoa wa pili, nyumba ya juu, akamzaa Jakob.

"Sasa Fidel mwingine yuko wapi?" niliuliza.

"Hakuna mwingine. Ni huyo huyo."

Kosa hilo ni letu sisi watu wa mlimani. Majina yetu ni machache, tunarithishana kama masufuria, kwa hiyo mtu tunamtambua kwa nyumba yake. Fidel alipohama nyumba, waliokuja baadaye wakamfanya watu wawili, baba na mwana, na ukoo mzima ukamhesabu mara mbili kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nilianza kucheka. Nilikuwa na mdomo wazi, nataka kusema, basi wewe ni wa nane, kuna tofauti gani, ukaaji ni ule ule. Kisha nikahesabu kidole kimoja zaidi, nikafika wa tisa.

"Marlies," nilisema.

Zenzi alinitazama machoni. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza. "Nilimzaa kwa sababu alikuwa wa kumi," alisema. "Theres, nilimzaa kwa sababu hiyo."

Nilijaribu kumtuliza. Nilisema ni hadithi za kuwatisha watoto, padri mwenyewe anacheka. "Kuni zako nani aliziokota siku ile?" akaniuliza.

Jumapili iliyofuata Marlies alikuja akakiona kitabu. Kwake kilikuwa mchezo. "Mama, kumbe tuna babu mwenye wake wawili! Mzee Fidel hatari!" Akafunua kurasa, akajaza mdomo viazi. "Na ile hadithi ya korongo, tungeweka vibao na ngazi, watalii wangepanda huku badala ya kuishia Vaduz. Mama, ukifika huko chini niletee habari kama viti vina mito."

"Vitakuwa navyo," alisema Zenzi. Akainuka kuosha vyombo. Nilimfuata jikoni, akaniambia bila kugeuka, "Asijue. Hata nikifa. Niapie." Nikaapa, mikono yangu ikiwa kwenye maji ya sabuni pamoja na yake.

Wiki nzima hakuonekana nje. Siku ya nane akaenda kwa Oswin, msimamizi wa kazi za kijiji. Kwetu kila Mei kuna msaragambo wa kufyeka na kutengeneza njia ya malisho ya juu, ile inayopita ukingoni mwa korongo. Kila nyumba inatoa mtu. Oswin anaita jina, mtu anaitika "Nipo," Oswin anasema "Haya" na kulipiga mstari. Asiyeweza kuja, ndugu yake anaitika kwa niaba yake na kumfanyia siku yake. Siku hiyo ikishafanywa, imefanywa. Hakuna mtu duniani awezaye kuja kumdai mwenyewe baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kabla hata ya watawala hawa kununua nchi hii.

"Mwandike Marlies," Zenzi alimwambia. "Nyumba ya Alois ni yake."

"Mama Zenzi, huyo hajawahi kushika jembe."

"Nimekuambia uandike, Oswin, sijakuuliza habari za jembe."

Tulikuwa watu kumi na wawili asubuhi ya msaragambo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni polepole, tunaona nyasi za ukingo halafu hatuoni kitu. Oswin aliita. Niliitika. Zenzi aliitika kwa jina lake, "Nipo," "Haya." Yakapita majina mawili matatu.

"Marlies!"

Zenzi alitoka kwenye mstari. Alimpa Oswin mgongo, akatembea hadi mwisho wa nyasi.

"Mama Zenzi, mimi niko huku!" Oswin alipaza sauti. "Au umeniona nimenenepa mpaka nimefika huko?" Watu wakacheka.

Zenzi aliita kuelekea chini, akijitaja kwa jina lake kamili la ubatizo, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Marlies, binti wa Kreszenz, binti wa Wendelin! Kwa niaba yake nipo mimi! Siku zake na siku zangu, zote nitazikaa mwenyewe!"

Korongo lile hurudisha hata kikohozi. Safari hii halikurudisha neno. Vicheko vilikufa kimoja kimoja. Tukangoja, na hakuna aliyekuwa amesema tungoje.

"Haya," ilisema sauti kutoka chini.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, wala hakupiga kelele, alikuwa tu kama mtu aliyechoka kuandika. Mimi si mwepesi wa kuamini. Ningesema ni maji. Lakini penseli ya Oswin ilikuwa imeanguka chini, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza nani amesema. Mawe yakasuguana, tukayasikia wote, mara moja, halafu mara ya pili. Oswin akafanya ishara ya msalaba, akaokota penseli, akalipiga mstari jina la Marlies. Tukachukua majembe tukafanya kazi mpaka adhuhuri kwa kuinamisha vichwa.

Zenzi peke yake alikuwa mchangamfu. Alikula mkate wake na jibini, akaomba na wangu.

"Huogopi?" nilimuuliza.

"Naogopa, tena sana," alisema akitafuna. "Lakini sasa naogopa peke yangu. Hiyo naiweza."

Alikufa Novemba, kwa moyo, jikoni kwake. Nilimvika mimi. Korongoni sijapita tangu hapo.

Baada ya maziko Marlies alinishika mkono, macho mekundu. "Mama mdogo, hizi wiki za mwisho Mama alikuwa anashikilia mkono wangu na kuhesabu vidole. Alikuwa anaogopa nini?"

"Hakuogopa kitu," nilimwambia. "Uzee tu."

Alinishukuru. Sasa ana watoto wawili, na Jumapili wakipita kwenda Malbun husimama kunisalimia, na kicheko chake nakisikia kabla gari halijazimwa. Siku nyingine natamani nimzabe kofi, siku nyingine nimkumbatie nisimwachie, na mpaka leo sijafanya hata moja.