Nani Amefungua Bwawa?

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Kiwanda chetu cha chai karibu na Kapkatet kilipopeleka wafanyakazi Pwani, meneja alinipa safari niipange. Ikienda vizuri, aliniambia, zote zijazo zitakuwa zangu. Nilijifundisha kupiga kasia kwa video, usiku sikulala, hadi nikawa nasahihisha wenzangu namna ya kufunga jaketi za kuelea.

Asubuhi tulipita na kayaki kwenye kinamasi cha maji ya chumvi, tukaziacha ukingoni, tukatembea kuangalia ndege. Tuliporudi, kayaki zilikuwa zimelala kwenye matope. Maji hayakuwapo!

Kwetu, bwawa la shamba la chai likikauka ghafla, kuna mtu amefungua mlango. Kwa hivyo nilimgeukia Salim, aliyekuwa akituongoza, nikafoka mbele ya wote: "Nani amefungua bwawa na kuna wageni? Huu ni uzembe! Nataka kuongea na mwenye funguo!"

Salim alinitazama kwa huruma. "Kaka, hii ni bahari. Maji yamekupwa, jioni yatajaa. Niliwaeleza asubuhi."

Asubuhi nilikuwa nakagua jaketi. Na kati ya video zote zile, hakuna hata moja iliyotaja jambo hilo!

Mama Atieno wa stoo alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Meneja, ambaye ni mzee wa kanisa, hakucheka hata kidogo.

"Kibet," alisema, "mwenye funguo ni Mungu. Haya, ongea naye. Sisi tunangoja."