Sauti ya Mtangazaji

Asubuhi za Julai Newala huamka ndani ya ukungu, na mwaka ule nami niliamka hivyohivyo, nusu bado ndotoni. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mwenye shamba la mikorosho. Alfajiri, kabla upepo haujaanza, majirani walipulizia mikorosho yao salfa, dawa ya unga ya kukinga maua. Vumbi la njano lilipanda taratibu likachanganyika na ukungu, nami dirishani nikasahau hata chai.

Redio ya bibi ilikuwa imeharibika, kwa hiyo redio nikawa mimi. Jioni nilimsomea habari kwenye simu huku akichambua kisamvu uani. Ili kumfurahisha, niliiga sauti nzito ya mtangazaji, pamoja na madoido yake yote. Alicheka mpaka kisamvu kikamdondoka. Nilikipenda mno kicheko kile, nakiri.

Jioni moja, kwenye kundi la simu, ukaja ujumbe uliobandikwa nembo ya redio: salfa ya msimu huu inaunguza maua ya mikorosho. Sikuuliza umetoka wapi. Nikakohoa kidogo, nikausoma kwa sauti ileile. Siku hiyo bibi hakucheka. Aliingia stoo, akaifunika mifuko yake ya salfa kwa turubai.

Majirani waliendelea kupulizia, naye akawa anawahurumia. Wiki zilipita polepole. Ubwiri unga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, ukayavaa maua yake, weupe ambao jua halikuuondoa. Yakawa meusi, yakapukutika. Kwa majirani korosho zilianza kuning'inia.

"Sikulaumu, mwalimu," aliniambia tulipokwenda kuangalia shamba. "Redio ndiyo iliyosema."

Ningeweza kunyamaza, na kusema kweli ndivyo nilivyotaka. Lakini alikuwa ameegemea mkorosho usio na hata bibo moja, na nikaona aibu.

"Nisamehe, bibi. Redio haikusema. Ulikuwa ujumbe tu wa kwenye kundi la simu. Ile sauti niliitia mimi."

Alinitazama bila hasira, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

"Na zile nyingine zote, mwanangu? Za mvua, za ule ugonjwa wa kuku, za barabara yetu? Zilikuwa za redio, au zako?"

Nilizipitia kichwani moja baada ya nyingine, nimjibu kwa haki. Sikujua.