Pumzi Nilizozikata

Studio yangu ya Gitega ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani, na sijawahi kukataa kazi humo. Kwaya za Jumapili, vijana wa rap, kasida za maulidi, matangazo ya sabuni, vyote nimevirekodi. Mwenye njaa hana miiko.

Lakini jina nililipata kwa usafi. Nilikuwa bingwa wa kukata pumzi. Mwimbaji akivuta hewa kabla ya mstari, niliiondoa. Akikohoa, mlango ukilia, jogoo akiwika, vyote vilitoka. Sauti ilibaki peke yake kama mchele uliopepetwa. Kisha nilifuta rekodi mbichi, maana diski ilijaa haraka na mteja mwingine alikuwa mlangoni. Sikuwa mtu wa kuambiwa.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Muyinga, karibu na soko. Nguo ya bibi harusi hakuishona kimya. Aliiimbia kasida tangu pindo la kwanza hadi kifungo cha mwisho. Alikanyaga kwa mguu wa kulia tu, kwa sababu goti la kushoto lilimuuma. Ndiyo maana cherehani yake ilichechemea: mapigo mawili ya haraka, kisha moja la kusubiri. Hapo penye kusubiri ndipo alipovuta pumzi.

Siku moja nilimwendea na maiki, nikamrekodi akiwa kazini. Niliporudi Gitega nikamsafisha kama nilivyowasafisha wengine. Niliondoa cherehani, nikaondoa pumzi, nikamwondoa na dada yangu aliyekuwa akiulizia mkasi. Ilinichukua siku nne. Rekodi mbichi nikaifuta, na Idi ilipofika nikampelekea zawadi yake. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha.

"Huyu mama anaimba muzuri sana," alisema. "Iko wa wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania, nikaipokea kama sifa. Hakuomba kuisikia tena.

Alifariki msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo naisikiliza karibu kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, na hata humo ndani namkosa. Sauti ni yake, lakini mama hayumo. Nimepekua diski za zamani na simu zilizokufa, sikupata kitu. Watu husema majuto ni mjukuu. Huyu wangu ameshahamia nyumbani.

Mwezi uliopita nilipanda gari kwenda Muyinga. Dada ndiye aliyerithi cherehani na wateja. Niliweka maiki pale pale pa zamani, nikamwomba ashone tu, nipate walau ule mlio. Alikanyaga kwa miguu miwili, sawasawa kabisa. Nikamwomba atumie wa kulia peke yake. Akajaribu, uzi ukakatika. Akatunga uzi, akajaribu tena, ukakatika tena. Mwishowe akaweka mikono juu ya kitambaa, akanitazama.

"Kaka, mashini iko ile ile," alisema. "Lakini mi sina goti ya mama."

Nilisahau kuzima maiki. Mwishoni mwa rekodi ile cherehani imenyamaza, na anasikika mtu mmoja akivuta pumzi ndefu, akijizuia kulia. Ni mimi. Hiyo sijaikata.