Mitokondria, Neno Lililochelewa

Mwanangu, bado naikumbuka siku ya kuvuna maharage kwetu Kaisho, baba alipomwita mdogo wangu Laurenti mvivu mbele ya watu. Laurenti alikuwa kijana mrefu, ukimtazama amejengeka, lakini akilima kidogo tu miguu ilimlegea, na kope zilimshuka kama mtu anayesinzia. Watu walicheka. Mama hakucheka.

Baba hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Aliogopa tu kwamba kijana asiyeweza jembe hatakuwa na mji wake. Lakini neno hilo lilimchoma Laurenti. Akaaga kwamba anakwenda Omurushaka kupakia magunia ya kahawa, ili tuone kwamba si mvivu. Huko alianguka na gunia mgongoni, akaletwa nyumbani hata uji haumezi vizuri. Tulimzika kando ya migomba kabla kahawa haijaisha kuvunwa.

Miaka ikapita, nikazaa. Binti yangu Editha alipofika usichana, nikaona kope zake nazo zinashuka. Sikungoja mtu amseme. Nilimpeleka hospitali kubwa, na daktari, mama mmoja mpole, akauliza kama upande wangu aliwahi kuwapo mtu wa namna hiyo. Nikamsimulia habari za Laurenti. Akanieleza taratibu kuwa ndani ya seli za mwili mna viungo vidogo mno, ambavyo hugeuza chakula kuwa nguvu. Vinaitwa mitokondria. Vya Editha ni dhaifu, na mtoto huvirithi kwa mama yake. Dawa ya kuuponya ugonjwa huo haipo, ila kupumzika na kuangaliwa kutamsaidia.

Nilirudi nikamweleza baba kwa Kinyambo, lugha yetu. Nilipofika kwenye jina lile nililiacha kama lilivyo, maana kwetu halipo. Baba, mzee wa mkongojo sasa, akaomba nilirudie. Akajaribu kulitamka, likamshinda. Kisha akasema, "Kumbe mtoto aliponiambia amechoka, alikuwa amechoka kweli."

Mama alikuwa amekwisha kufa. Neno hilo hakulisikia.

Basi, mwanangu, mtu akikwambia hana nguvu, mwamini kwanza, maswali yafuate. Mpeleke kwa wanaojua kupima, usimpe jina la aibu. Nawe ukielemewa, sema. Usijiue kwa kazi ili watu wakusifu. Mungu akujalie mwili wenye afya, na siku utakapokulemea, akuzungushie watu wenye huruma.